SOMO LA MWEZI HUU: MAMA ANAYEUZA PAMOJA NA WENZAKE

Tusome kwanza: Matendo ya Mitume 16:11–15 na 40, 2 Wakorintho 8:18–21.



Mwezi huu tumwangalie Lidia. Yeye alikuwa mwenyeji wa Thiatira, akifanya biashara ya zambarau katika mji wa Filipi. Paulo alimkuta kando ya mto, nje ya lango la mji, pamoja na wanawake wengine waliokusanyika kusali. Maandiko hayatuambii habari za mume wala watoto, ila twajua alikuwa na nyumba, na watu wa nyumba yake walibatizwa pamoja naye. Hakuambiwa aache biashara. Tena Paulo na Sila walipotoka gerezani, walikwenda nyumbani kwake wakaonana na ndugu. Kazi ya mama huyu ilifungulia wengi mlango.

Pwani yetu nayo ina akina Lidia wengi. Mashua zirudipo alfajiri katika siku za giza, akina mama ndio wachemshao dagaa kwa maji ya chumvi na kuwaanika. Wengine hupika mafuta ya nazi, wengine husuka mikeka. Wakitoka hapo wanachota maji, wanapika, wanalea. Lakini siku ya kuuza, apangaye bei ni mchuuzi. Kwa nini?

Tupige hesabu ndogo. Mama mmoja ana kilo 20 za dagaa wakavu. Mchuuzi ametoka Tanga, amevuka Mto Pangani, amelipia gari. Kwa kilo 20 tu safari haimlipi, basi hushusha bei. Mama naye anataka daftari na sare za watoto leo, hawezi kungoja. Lakini akina mama 20 wenye kilo 20 kila mmoja wana kilo 400. Gharama ya safari moja sasa yagawanyika katika kilo nyingi. Na mchuuzi akikataa bei, mzigo wote waweza kukodiwa gari moja hadi mjini.

Hesabu ni rahisi, mbona basi vikundi vingi huvunjika? Mara nyingi ni kwa sababu mmoja amepata shida kabla ya siku ya kuuza. Mtoto ana homa, nyumbani hakuna hata shilingi, naye anauza kilo zake pembeni. Wa pili akiona hivyo huuza pia. Tusiharakishe kumlaumu mama huyo. Kikundi kilimtaka angoje, lakini hakikumpa cha kumsaidia kungoja.

Kwa hiyo akiba hutangulia soko. Mwaka 1991 shirika la CARE lilianza na wanawake wa Niger vikundi vya kuweka na kukopeshana, na mtindo wa namna hiyo twaujua hapa kwa jina la VICOBA. Wanachama hununua hisa, na mwenye shida hukopa humo. Sanduku huwa na kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu mbalimbali. Mama aliyekopa kwa ajili ya dawa hana haja ya kuuza dagaa wake kwa bei ya hasara.

Tuna mfano pia ng'ambo ya bahari. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, na wakulima wake wengi ni wanawake. Mwani mkavu huleta bei ndogo. Ndipo kuanzia mwaka 2006 mtafiti Dkt. Flower Msuya na wenzake wakawaunganisha wakulima ili wajifunze kutengeneza bidhaa. Huko Kidoti, kikundi cha akina mama kiitwacho Tusife Moyo kilijulikana kwa sabuni ya mwani. Waliacha kuuza malighafi peke yake, wakauza kitu chenye jina lao.

Mama anayeongoza kikundi na ashike mambo manne:

1. Hesabu ziwe wazi. Paulo hakubali kubeba mchango peke yake, bali aliweka na wenzake, asije akalaumiwa. Kiongozi na asome hesabu mbele ya wote, hata kama wote wanamwamini.

2. Mali iwe safi. Dagaa walioanikwa juu ya chanja hawana mchanga. Gunia moja lenye mchanga huharibu sifa ya magunia yote.

3. Kikundi kiandikishwe. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 yataka vikundi vya kukopeshana visajiliwe. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo, na katika hiyo asilimia 4 ni ya wanawake. Kikundi kisichosajiliwa hakiwezi kuomba.

4. Kiongozi asaidiwe. Yeye naye ana watoto na jiko. Mikutano iwe mifupi, kazi zigawanywe, na waume wasione haya kubaki na watoto siku ya mzigo.

Kikundi kama hiki hakina budi kuwa cha kijiji kizima. Majirani zetu Waislamu wanachemsha dagaa kwenye ufuo uleule, na mchuuzi hawaulizi dini anapowapunja. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Maswali ya kujadiliana:

(a) Katika mtaa wenu, ni nani apangaye bei, na kwa nini?

(b) Mama akiumwa wiki ya kuuza, kikundi chenu kitamfanyia nini?

(c) Ni nani wanaoshika funguo zenu, na mara ya mwisho hesabu zilisomwa lini?

Haya tujibu pamoja kabla ya giza la mwezi ujao, maana dagaa hawatatungoja.