Kona za Kujifunzia katika Darasa la Awali: Maswali ya Walimu wa Nyakato na Majibu Yake

Tangu Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilipoufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na Taasisi ya Elimu Tanzania ikatoa mtaala wa mwaka 2016 unaosisitiza kujifunza kwa michezo na kwa vitendo, walimu wengi wa mkoa wa Mara wamekabidhiwa wajibu mpya ilhali vyumba ni vilevile. Yafuatayo ni maswali ambayo aghalabu huulizwa na walimu wa madarasa ya awali, yakielekezwa kwa hali ya Nyakato, Musoma, pamoja na majibu ya mtaalamu wetu.

Swali: Kona ya kujifunzia ina muradi gani?

Jibu: Muradi wake ni kumpa mtoto mahali ambapo zana huzifikia mwenyewe, huzichagua, huzishika, kisha huzirudisha zilipokuwa. Nimeona madarasa yaliyopambwa kwa karatasi za manila za kila rangi, lakini zana zimetundikwa juu ya kimo cha mtu mzima, na mtoto akinyoosha mkono hukemewa asije akazichafua. Hayo ni mapambo, wala si kona. Maria Montessori, alipofungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907, alitaka meza, viti na kabati vilingane na kimo cha watoto wenyewe, na kaida hiyo ingali na nguvu: rafu isizidi kifua cha mtoto wa miaka mitano.

Swali: Chumba ni kidogo na watoto ni wengi. Tuanze na kona ngapi?

Jibu: Kiwango kilichowekwa ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja, na madarasa mengi yamekivuka. Kwa hiyo anza na kona nne tu: ya lugha na vitabu, ya hisabati, ya nyumbani na duka, na ya ujenzi na sanaa, nyingine zitafuata watoto watakapozizoea hizi. Vitabu vikae penye nuru na utulivu, mbali na ujenzi wenye kelele, na udongo na maji viwe karibu na mlango. Pasipo nafasi kabisa, kila kona na iwe ndani ya boksi lake, lifunguliwe juu ya mkeka asubuhi na kufungwa baada ya kipindi.

Swali: Zana tutazipata wapi, maadamu fedha hazipo?

Jibu: Zimetuzunguka. Mwaka 1986 ilipoanzishwa Mombasa shule ya awali ya kwanza ya mpango wa Madrasa, chini ya malezi ya Bi Swafiya Said, vifaa vingi vilifaraguliwa kutokana na vitu vya mazingira, na mwendo huo ukaenea hadi Zanzibar na Uganda. Seuze sisi tulio kando ya Ziwa Viktoria? Mafunjo husukwa mikeka, magunzi ya mahindi hufaa kwa kuhesabu na kujenga, pamba ya Bunda hufaa kwa kazi za sanaa, udongo wa mfinyanzi hufinyangwa vyungu na ng'ombe, na kiroba cha unga kilichofuliwa kikanyooshwa huandikwa irabu kwa kalamu ya wino mzito, kisidumu mwaka mmoja tu bali miaka.

Lakini pana hadhari. Visoda vigongwe kingo zake kwa nyundo hata zilale. Maharage na vijiwe vidogo visiachwe pasipo jicho la mwalimu, kwani watoto huvitia puani na masikioni. Na vijiwe vya ziwani vikusanywe na watu wazima kutoka pakavu, wala watoto wasitumwe majini, kwa sababu kichocho kipo.

Swali: Wengine huja wakijua Kijita, Kikwaya au Kikurya tu. Kona zitawafaa?

Jibu: Hao ndio zitakaowafaa zaidi. Mwalimu Nyerere mwenyewe, mzaliwa wa Butiama, alipoingia shule ya Mwisenge hapa Musoma mwaka 1934, alikuwa mtoto wa lugha ya Kizanaki, na Kiswahili alikipata shuleni. Mtoto asiyethubutu kujibu mbele ya darasa zima, akikaa na wenzake watatu penye kopo na ndoo, husema kwa mikono kwanza, kisha kwa neno moja, kisha kwa sentensi. Usimkataze lugha ya mama yake. Mtajie kitu kwa Kiswahili wakati anapokishika.

Swali: Tutazuiaje ugomvi na msongamano?

Jibu: Kwa ada iliyo dhahiri. Tundika penye kila kona misumari mitano na kadi tano zenye kamba. Mtoto huvaa kadi shingoni aingiapo, na kadi zikiisha kona imejaa. Wape takribani dakika 20, kisha wimbo mmoja maalumu uwe ishara ya kukusanya zana na kubadilishana. Muda huo mwalimu asikae mezani akisahihisha madaftari, bali azunguke, asikilize, aulize, na aandike mambo mawili matatu aliyoyaona kwa watoto wachache kila siku.

Swali: Wazazi wanalalamika kwamba watoto wanacheza tu.

Jibu: Waalike waje waone. Katika kona ya duka iliyofanywa mfano wa mwalo wa Mwigobero, mtoto mmoja huuza dagaa, ambao ni majani makavu yaliyokatwa, kopo moja kwa visoda vitatu. Mwenziwe ataka makopo mawili, naye muuzaji huvipanga visoda chini, vitatu na vitatu, akahesabu hadi sita, kisha akakataa kutoa mzigo kwa kuwa amelipwa vitano. Hapo pana hesabu, lugha, subira na haki ya biashara kwa pamoja. Mweleze mzazi kila alichokiona kinaitwaje katika mtaala, na umwombe, akirudi tena, alete kopo tupu na magunzi. Mzazi aliyechangia zana huilinda kona kama mali yake.