Dondoo muhimu: Kabla hujanunua nyumba ya bei poa ughaibuni

Bulgaria ilipokaribia kujiunga na Umoja wa Ulaya mwaka 2007, Waingereza wengi walikimbilia fleti za bei rahisi katika maeneo ya kitalii ya Sunny Beach na Bansko nchini humo. Msukosuko wa fedha wa 2008 ulipopiga, bei zilianguka na wanunuzi wakaadimika. Ili yasikukute hayo:

• Tafuta wakili wako mwenyewe, si wa muuzaji. Akague hati, rehani na madeni.

• Uliza ada ya matunzo ya jengo. Hudaiwa hata fleti ikikosa mpangaji.

• Ahadi ya "kodi ya pango ya uhakika" isikulevye. Huenda fedha hizo zimeshapachikwa kwenye bei ya nyumba.

• Jengo likiwa bado kwenye ramani, lipa kwa awamu kadiri ujenzi unavyosonga mbele.

• Litembelee eneo watalii wakishaondoka.

• Waulize waliowahi kuuza nyumba hapo: walisubiri mnunuzi muda gani?