Mtoto Ajipigapo Kichwa Ukutani

Juma hili twaacha kando mambo mengine ya ukurasa huu ili kujibu swali tuliloulizwa katika nyanda za juu za Kigoma, nalo si swali la watu wa Kigoma peke yao. Tukiwa safarini kutoka Kasulu kwenda Kibondo tulikaribishwa nyumbani kwa jamaa mmoja mwenye mtoto wa kiume wa miaka tisa. Mtoto huyo hasemi. Paji la uso wake lina kovu juu ya kovu, na mkononi, karibu na kidole gumba, ngozi imekuwa ngumu kama ya kisigino kwa sababu ya kujiuma. Siku ile alikuwa amefungwa kamba kiunoni, na kamba yenyewe imefungwa katika nguzo ya jiko. Baba yake hakutuficha, wala si mtu mkatili. Alisema kwamba akimfungua, mtoto atajipiga kichwa ukutani mpaka damu itoke, na yeye na mkewe wana maharagwe na muhogo wa kupalilia. Kisha akatuuliza: Je, Padre, huyu si kama yule mtu wa makaburini, katika Injili ya Marko sura ya 5, aliyejikatakata kwa mawe?

Tulimjibu kwamba sivyo. Lakini jibu la neno moja halimtoshi mzazi ambaye amekesha miaka saba, kwa hiyo leo twaeleza kwa kirefu.

Hali ya mtoto yule yaitwa usonji. Ni namna ubongo ulivyokua tangu utotoni, hata mtu akawa anasikia, anaona, anaonja na kuzungumza kwa njia iliyo tofauti na ya wenzake. Si ugonjwa wa kuambukiza, wala si laana ya ukoo. Huko Moscow mwaka 1925 daktari Grunya Sukhareva aliwaeleza watoto wa namna hii. Mwaka 1943 Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, akaandika habari za watoto 11. Na mwaka 1944 Hans Asperger akaandika za kwake huko Vienna. Watoto walikuwako kabla ya madaktari hao, na walikuwako Buha pia, ila hawakuwa na jina. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Kwa hesabu hiyo, parokia yenye watu elfu kumi yaweza kuwa nao karibu themanini. Wengine husema vizuri, husoma na kufanya kazi. Wengine, kama kijana wetu huyu, hawana hata neno moja.

Mama wa mtoto alikuwa ameketi kimya mazungumzo yote. Mwishowe tukajua sababu: ndugu wa mume wamemwambia kwamba kosa ni lake. Mama huyo asidhani kwamba ni washenzi tu wasemao hivyo. Wataalamu wa Ulaya na Marekani nao walisema hayo hayo kwa miaka mingi, na bado mwaka 1967 Bruno Bettelheim wa Chicago alitoa kitabu kizima cha kuwalaumu wazazi kwa ubaridi wa moyo. Mambo hayo yalikwisha kukanushwa na Bernard Rimland mwaka 1964, naye mwenyewe alikuwa baba wa mtoto mwenye usonji. Na mwaka 1977 uchunguzi wa jozi 21 za mapacha huko Uingereza ulionyesha kwamba urithi wa mwili una sehemu kubwa. Wenye elimu kubwa walimkosea mama kama vile mashemeji wa Kasulu wanavyomkosea, na kwa maneno marefu zaidi.

Tena Waha ni watu wa adabu. Kijana hupiga makofi polepole, huinama, na salamu yaendelea kwa kuulizana habari za nyumba nzima. Mtoto asiyeitikia, asiyemtazama mgeni usoni, kijijini huonekana hana malezi kabla hajaonekana ana shida. Basi ajapo kujitupa chini mbele ya wageni, majirani wote husema: amedekezwa, mpigeni. Hapo ndipo kosa kubwa lianzapo, maana kudeka na kulemewa ni mambo mawili.

Mtoto adekaye ana shabaha. Alilia andazi sokoni, na huku analia humchungulia mama yake aone kama anatazamwa. Akipewa andazi hunyamaza, na akiona hatazamwi huchoka. Tena hujihadhari asije akaumia. Mtoto aliyelemewa hana shabaha wala hana watazamaji. Angefanya vile vile akiwa peke yake porini. Ukimpa alichokitaka hatulii. Hajilindi, na maneno yako hayamfikii. Yakiisha, hulegea kama mtu aliyetoka katika homa, akalala. Wako watu wazima wenye usonji waliokwisha kueleza wenyewe jinsi wanavyojisikia: sauti, mwanga, harufu na maneno ya watu huingia yote pamoja bila kuchujwa, mpaka fahamu zakosa nafasi. Mfano wake ni ndoo iliyotegwa chini ya bati wakati wa mvua. Tone la mwisho si kubwa kuliko mengine, ila ndoo ilikuwa imekwisha kujaa.

Na tumetaja bati kwa makusudi. Mama yule alipoulizwa ni saa gani hasa mtoto hujipiga, kwanza alisema ni wakati wote. Tukamwomba afikiri tena. Akakumbuka kwamba kiangazi huwa afadhali, na kwamba masika, mvua ipigapo juu ya nyumba mpya ya bati, ndipo hali huwa mbaya kabisa. Lakini mtoto akikimbilia jiko la zamani lililoezekwa nyasi hutulia. Kumbe nguzo aliyofungwa ilikuwa katika mahali pale pale alipopapenda! Kwa sikio kama lake, kelele ile si kelele, ni maumivu. Wengine huteswa na honi za pikipiki, au ngoma karibu na masikio, au sweta la sufu linalowasha ambalo baridi ya asubuhi ya Kibondo yatulazimisha kuvaa.

Mara nyingi kulemewa hutanguliwa na dalili. Mtoto huziba masikio, hutembea huku na huku, hutikisa mwili kwa haraka kuliko kawaida yake, au hurudia neno moja. Huo ndio wakati wa kumtoa sokoni au kanisani, bila kumburuta, na kumpeleka penye kivuli na ukimya. Ikiwa umechelewa, punguza watu, punguza sauti, na yako kwanza. Usimwulize maswali wala usimhubirie. Ondoa mawe na vyungu vilivyo karibu. Akijipiga kichwa, weka kati ya kichwa na ukuta kitenge kilichokunjwa au mto. Usimlalie wala usimbane kifua, maana watu wamekufa kwa kubanwa hivyo. Kisha ngoja. Kumpiga fimbo wakati ule ni kuongeza maji katika ndoo inayomwagika, na kumwadhibu baadaye ni kumwadhibu mtu kwa kuwa amezimia.

Kujiumiza kwenyewe hakuji wakati wa kulemewa tu. Mwaka 2020 wachunguzi waliokusanya tafiti nyingi walikadiria kwamba karibu watu 42 katika kila 100 wenye usonji hujiumiza kwa namna fulani: kujipiga kwa mkono, kujigonga kichwa, kujiuma, kujikwaruza. Si jambo dogo. Wako waliopasuka utando wa jicho wakapofuka kwa kujipiga. Mzazi ataka kujua sababu, nasi twasema, la kwanza kabisa mtafutieni ugonjwa. Mtoto asiyeweza kusema kwamba jino lauma, atajipiga shavu. Mwenye usaha sikioni atajigonga upande ule ule. Kufunga choo, vidonda vya tumbo, kuumwa kichwa, na homa ya malaria, ambayo mkoa wa Kigoma waijua mno, yote yaweza kutokea nje kwa sura ya wazimu. Kifafa nacho hupatikana zaidi kwa watu wenye usonji kuliko kwa wengine, nacho kina dawa. Akianza ghafula kujipiga mtoto ambaye hakuwa na desturi hiyo, apelekwe hospitali kabla ya kupelekwa kwingine kokote.

Ugonjwa usipoonekana, yafaa kutazama ni nini kilichotangulia na ni nini kilichofuata. Mwaka 1982 Brian Iwata na wenzake huko Baltimore waliwachunguza watu tisa waliojiumiza, wakaona kwamba tendo moja lina sababu mbalimbali: huyu hujipiga ili aondolewe kazi ngumu, huyu ili aangaliwe, yule hata akiwa peke yake kwa sababu mwili wake wapata kitu katika tendo lenyewe. Mwaka 1985 Edward Carr na Mark Durand walionyesha kwamba watoto wakifundishwa njia nyingine ya kuomba kile kile, vurugu hupungua sana. Hapa ndipo penye tumaini la jamaa maskini, maana njia hiyo haihitaji mashine. Mtoto asiyesema aweza kufundishwa kugusa kikombe akiwa na kiu, kuonyesha picha ya kitanda akichoka, kuweka mkono kifuani kumaanisha imetosha. Lakini ombi hilo lazima litimizwe upesi kila mara, hasa mwanzoni. Likipuuzwa mara tatu, atarudi kwenye ukuta, kwa kuwa ukuta haujapuuzwa kamwe.

Dawa za kutuliza zipo, nazo huwasaidia wengine, lakini ni kwa amri ya daktari, tena huongeza uzito na huhitaji kuangaliwa. Zile zinazouzwa sokoni kwa mkono hatuzizungumzi.

Mintarafu ya pepo, tuseme wazi, maana twajua wazazi wanawachukua watoto kutoka kwa mwombaji hata kwa mwombaji, na kutoka kwa mganga mmoja hata kwa mwingine, wakirudi na chale mpya na mbuzi wamekwisha. Kanuni ya 1172 ya sheria ya Kanisa yamkataza padre kumpunga mtu pepo bila ruhusa ya pekee ya Askofu. Mkatoliki anayewashika watoto wenye usonji, akawapigia kelele masikioni na kuwatikisa vichwa, ajua sasa kelele hizo ni nini kwa masikio yao. Sala ya kimya nyumbani, mtoto akiwa amelala, haimdhuru mtu.

Na kamba? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza kumtesa mtoto, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yawapa haki ya utu, matibabu na elimu. Hata hivyo hatukuenda kwa yule baba na sheria mkononi. Mtu aliye peke yake shambani, asiye na wa kumwachia mtoto, hafunguliwi kwa kuogofishwa. Tulizungumza na majirani wa jumuiya ndogo ndogo, na wanawake wawili wakakubali kukaa na mtoto kwa zamu wakati wa palizi, nao wakaonyeshwa dalili na kile kitenge kilichokunjwa. Hospitalini waliona sikio la kushoto limeoza kwa ndani, wakampa dawa.

Habari tulizopata tangu hapo ni hizi: bado hujiuma mkono, na siku za mvua kubwa bado ni ngumu, hulala katika jiko la nyasi, usiku wapita mwingi bila kujigonga. Neno bado hana, ila hugusa kikombe.

Wazazi na walimu wenye watoto wa namna hii, popote nchini, watuandikie wametumia njia gani, na ipi imeshindwa. Majina yao hatutayachapa.