Somo la 34: Mtoto, tiara na upepo wa bahari

Watoto wengi wamekwisha kurusha tiara ya karatasi. Uzi unavuta vidole kidogo tu, na mtoto anacheka. Lakini iko tiara ingine, ya nguo ngumu, yenye nguvu ya kumvuta mtu juu ya maji. Mchezaji anasimama juu ya ubao, anashika fimbo yenye kamba, na upepo unamkimbiza kama mashua ya tanga.

Ndugu wawili Wafaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, walifikiri namna ya kutengeneza tiara yenye mirija iliyojaa hewa. Tiara hiyo ikianguka majini haizami, na inaweza kuruka tena. Waliandikisha kazi yao mwaka wa 1984. Mwaka wa 2024 mchezo huo uliingia mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki, huko Marseille, Ufaransa.

Kijiji cha Paje, katika kisiwa cha Unguja, kinajulikana sana kwa mchezo huo. Maji ya pwani yake si marefu, chini ni mchanga, na mwamba wa mbali unavunja mawimbi makubwa. Kaskazi na kusi, kila moja kwa majira yake, zinavuma vizuri. Watoto nao wanaweza kujifunza, lakini kwa vyombo vyao na kwa utaratibu.

1. Vyombo vya mtoto

Tiara inayomvuta taratibu mtu wa kilo 75 inaweza kumwinua mtoto wa kilo 30 na kumtupa. Kwa hiyo mwalimu haulizi miaka tu. Anauliza pia uzito. Mtoto anapewa tiara ndogo, na kamba fupi kuliko za wakubwa, maana kamba fupi inapunguza nguvu.

Mkanda pia ni wa kipimo chake. Nyonga za mtoto ni nyembamba. Mkanda wa kiunoni unapanda mpaka kifuani na kumbana pumzi. Mkanda unaofaa una vitanzi vya kupitisha miguu, hauwezi kupanda. Tena anavaa kofia ngumu na jile ya kuelea. Vyombo vya kaka yake mkubwa havimfai, hata kama ni vipya na vizuri.

2. Kujua upepo

Upepo unaotoka nchi kavu kwenda baharini ni adui: unampeleka mtu mbali, asiweze kurudi. Wavuvi wa ziwa Tanganyika wanaujua vema, maana unachukua hata mtumbwi. Upepo unaokuja moja kwa moja pwani nao ni mbaya: unamtupa mtu juu ya mawe na miti. Unaofaa ni ule unaopita kando na kuelekea pwani kidogo.

Tena, upepo ukizidisha mwendo mara mbili, nguvu yake inakuwa mara nne. Ndiyo sababu wingu jeusi likionekana, tiara zote zinashushwa, hata kama mvua bado iko mbali.

3. Mafundisho, hatua kwa hatua

Kwanza mtoto anarusha tiara ndogo sana pwani, bila ubao. Anajifunza kwamba tiara iliyo juu ya kichwa inavuta kidogo, na iliyo chini mbele yake, upande upepo unakoenda, inavuta sana. Kisha anaingia majini, mahali maji yanamfika kiunoni, na kuvutwa kwa tumbo. Ubao unakuja mwisho. Mwalimu yuko karibu naye siku zote, na upande upepo unakoenda pawe wazi: pasiwe watu, mashua, wala miti waliyosimamisha wanawake kwa kilimo cha mwani.

4. Kujua kuachia

Hili ndilo neno kubwa kuliko yote. Mtu akivutwa kwa nguvu, mikono yake inakaza yenyewe. Akikaza fimbo na kuivuta kwake, tiara inaongeza nguvu, naye anazidi kuvutwa. Hivyo mtoto anafundishwa: «Ukiogopa, achia fimbo.» Tiara inapoteza nguvu nyingi. Ikiendelea kuvuta, anasukuma kifungo cha kufungulia kilicho mbele ya mkanda. Tiara inabaki na kamba moja tu na kulala majini. Ikimvuta bado, anafungua hata kamba ile ya mwisho. Tiara ingine itanunuliwa, mtoto hanunuliwi.

Mambo hayo anayarudia nchi kavu, mara nyingi, hata macho yakiwa yamefungwa, mpaka mkono ujue kifungo kilipo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Mambo ya kukumbuka

Tiara inapimwa kwa uzito wa mtoto. Upepo unatazamwa mbele ya kuingia majini. Mtoto haendi peke yake. Anayejua kushika bila kujua kuachia, bado hajajua mchezo.

Maulizo

1. Ndugu Legaignoux walitengeneza nini?
2. Kwa nini mkanda wa mtu mkubwa haumfai mtoto?
3. Upepo upi unampeleka mtu mbali na pwani?
4. Mtoto akivutwa kwa nguvu, atafanya nini kwanza? Na kisha?
5. Upepo ukizidisha mwendo mara tatu, nguvu yake itakuwa mara ngapi?