Kete za Silabi: Umbo la Neno la Kiswahili katika Mchezo Mdogo wa Fumbo wa Kompyuta

Ikisiri

Makala hii inachunguza uhusiano uliopo baina ya umbo la neno la Kiswahili na ubunifu wa michezo midogo ya mafumbo, hasa ile inayotengenezwa kwa muda mfupi na kwa skrini yenye nukta chache. Hoja yetu kuu ni kwamba ufinyu wa skrini humlazimisha mbunifu aamue kipashio cha msingi cha mchezo wake. Kwa Kiswahili kipashio hicho si neno, bali ni silabi. Katika eneo la viambishi awali silabi hulingana na mofimu. Katika eneo la mzizi viwili hivyo hutengana. Tunaonyesha kwamba kutengana huko si kasoro, bali ndiko kunakozaa fumbo lenyewe.

1.0 Utangulizi

Michezo ya kufikiri si jambo geni kwa wazungumzaji wa Kiswahili. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kitendawili kina utaratibu wake wa kutega na kutegua. Lililo geni ni chombo. Programu nyingi za kompyuta humfikia Mswahili zikiwa zimekwisha kubuniwa kwa lugha nyingine. Mfasiri hukabidhiwa orodha ya maneno na visanduku ambavyo upana wake umepimwa kwa maneno ya lugha ile ya kwanza, kisha huambiwa ayaingize ya Kiswahili humo. Yasipoenea, hulaumiwa Kiswahili kwamba maneno yake ni marefu.

Swali tunalouliza ni hili: je, hali ingekuwaje iwapo Kiswahili kingekuwa ndicho kitu cha kwanza kufikiriwa, si cha mwisho? Tumechagua kulijibu kwa kutumia mfano mdogo kabisa, yaani mchezo wa fumbo wa skrini ya nukta 64 kwa 64. Udogo huo una manufaa ya kitaaluma. Penye nafasi finyu hapana pa kufichia uchanganuzi dhaifu.

2.0 Usuli

Tangu mwanzoni mwa karne hii pamezuka mikutano ya kubuni michezo ya kompyuta kwa muda maalumu, ambayo katika makala hii tutaiita jemu. Ludum Dare ilianza mwaka 2002. Katika kundi lake lenye masharti makali zaidi, mshiriki hufanya kazi peke yake kwa saa 48. Global Game Jam ilifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 2009. Baadhi ya jemu huongeza kikwazo cha skrini: LOWREZJAM huwataka washiriki wake wasivuke nukta 64 kwa 64. Nukta hizo, ambazo mafundi huziita pikseli, ndizo chembe ndogo kabisa zinazounda picha katika skrini.

Kwa mwanaisimu, mchezo uliozaliwa katika jemu ambao una umuhimu wa pekee ni Baba Is You, wa mbunifu wa Kifini Arvi Teikari. Ulianza katika Nordic Game Jam ya mwaka 2017 na kutolewa rasmi mwaka 2019. Neno Baba hapa ni jina la kiumbe tu, wala halihusiani na mzazi. Katika mchezo huo kanuni zimeandikwa uwanjani kwa maneno, na kila neno ni kete inayoweza kusukumwa. Mchezaji akilisogeza neno moja, sentensi huvunjika na kanuni hukoma. Asili ya kusukuma vitu kwa njia hii ni Sokoban, mchezo wa Kijapani uliochapishwa mwaka 1982. Lakini katika Sokoban kinachosukumwa ni masanduku, ilhali hapa kinachosukumwa ni sarufi.

Kanuni ya kawaida ya mchezo wa Teikari ina kete tatu: nomino, kiunganishi kimoja kisichobadilika, na sifa au kitendo. Tukijaribu kuifasiri kete kwa kete tutapata tungo kama hii:

(1) *JIWE NI SUKUMA

Hakuna Mswahili anayesema hivyo. Tungo inayokubalika ni “jiwe linasukumika”, ambamo kiunganishi kimetoweka, nomino imeleta upatanisho, na kitenzi kimenyambuliwa. Ni dhahiri basi kwamba mchezo wa aina hii haufasiriki. Hauna budi kubuniwa upya kuanzia kwenye kipashio.

3.0 Uchumi wa Nukta 4,096

Skrini ya nukta 64 kwa 64 ina nukta 4,096. Herufi ndogo kabisa inayosomeka bila taabu kubwa ina upana wa nukta 3 na kimo cha nukta 5. Tukiongeza nukta moja ya kutenganisha herufi, kila herufi huchukua upana wa nukta 4. Hivyo mstari mmoja huwa na herufi 16 tu. Neno “wasiposhirikiana” lina herufi 16 kamili. Neno moja limeujaza mstari mzima. Lakini neno hilo ni kishazi kizima chenye kiima, ukanushi, sharti, mzizi na kauli ya kutendana. Kwa hiyo, dai kwamba Kiswahili ni lugha ya maneno marefu linahitaji kutazamwa upya: kinacholinganishwa mara nyingi ni neno kwa neno, si maana kwa maana.

Tahajia sanifu ya Kiswahili haitumii Q wala X, kwa hiyo mbunifu ana herufi 24 tu za kuchora. Hata hivyo uchoraji wake una mtego. Katika umbo la nukta 3 kwa 5, herufi H ni nguzo mbili zilizounganishwa na nukta moja ya katikati. Njia rahisi ya kupata M ni kuongeza nukta moja juu ya ile ya katikati, na ya kupata W ni kuongeza nukta moja chini yake. Kwa hiyo H hutofautiana na M kwa nukta moja, na na W pia kwa nukta moja. Tazama jozi zifuatazo:

(2) (a) MAJI : HAJI
(b) WASOMI : HASOMI

Katika (2b) nukta moja ndiyo inayomtenganisha msomi na asiyesoma. Herufi hizi tatu zimebeba mzigo mkubwa wa sarufi: M na W ni viambishi ngeli, na H ni mlango wa ukanushi. Mbunifu anayechukua seti ya herufi iliyochorwa kwa ajili ya lugha nyingine hana budi kuipima kwanza kwa jozi kama hizi.

4.0 Neno, Mofimu au Silabi?

Tukiugawa uwanja katika miraba ya nukta 8 kwa 8, tunapata miraba 64, yaani safu 8 zenye miraba 8 kila moja. Mraba mmoja hutosha herufi mbili: 3 + 1 + 3 = 7, na nukta moja hubaki kuwa mpaka. Hapa ndipo umbo la Kiswahili linapokutana na chombo kwa namna ya kufurahisha. Viambishi vya kiima katika Kiswahili Sanifu (ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-, i-, li-, ya-, ki-, vi-, zi-, ku-, pa-, mu-) vyote vina herufi moja au mbili. Hali ni hiyo hiyo kwa -na-, -li-, -ta-, -me-, -ki- na -ka-. Kila kimoja kinaenea katika kete moja. Miongoni mwa vinavyokataa ni -nge- na -ngali-.

Katika eneo la mzizi mambo hubadilika. Kitenzi “ruka” kimofolojia ni ruk-a, yaani mzizi na kiishio. Lakini kisilabi ni RU-KA. Kete haziwezi kufuata mipaka yote miwili. Tunapendekeza zifuate silabi, kwa sababu mbili. Kwanza, silabi ndiyo inayoenea katika mraba. Pili, kete ya silabi inaweza kutumika katika nafasi zaidi ya moja, kama inavyoonekana hapa:

(3) (a) KI-NA-RU-KA
(b) LI-KI-RU-KA
(c) HA-LI-RU-KI

Katika (3a) KI ni kiambishi cha kiima cha ngeli ya kiti. Katika (3b) ni kiambishi cha sharti. Katika (3c) si mofimu hata kidogo: ni konsonanti ya mwisho ya mzizi ikifuatwa na kiishio cha ukanushi. Kete ni ile ile. Nafasi ndiyo inayoipa kazi. Mchezaji mwenye KI moja tu anaweza kulizuia jiwe lisiruke, lakini hawezi kukizuia kiti, kwa kuwa “hakiruki” inadai KI mbili. Hilo ni fumbo kamili, na halikubuniwa na mtu: limo ndani ya lugha.

5.0 Sarufi kama Kanuni za Mchezo

5.1 Upatanisho

Ili kuhifadhi nafasi, nomino haziandikwi bali huchorwa: jiwe, yai, kiti, kikapu, mti. Kiambishi cha kiima ndicho kinachochagua vitu vya kutii. LI-NA-ZA-MA huzamisha jiwe na yai. KI-NA-ZA-MA huzamisha kiti na kikapu. Kifaru akiwemo uwanjani hatazama kwa KI, kwa sababu viumbe wenye uhai huchukua upatanisho wa A na WA. Mchezaji atakayedanganywa na umbo la nomino atakwama.

Kiambishi U kina hatari yake. Ni cha mti, ni cha ukuta, na pia ni cha nafsi ya pili, yaani mchezaji mwenyewe. Anayeunda U-NA-ZA-MA ili auzamishe ukuta atazama pamoja nao. Wanasarufi hulieleza jambo hili kwa istilahi ya homonimu; mchezaji atalijua kwa kuangamia.

5.2 Njeo na Hali

Tofauti ya -na- na -me- huwasumbua wanafunzi wengi wa Kiswahili kama lugha ya kigeni. Katika mchezo tofauti hiyo hupewa mwili. LI-NA-ZA-MA hufanya kazi muda wote sentensi inapokuwa nzima, na kete moja ikiondolewa jiwe huibuka. LI-ME-ZA-MA hufanya kazi mara moja, na matokeo yake hubaki hata sentensi ikivunjwa. Mchezaji anayetaka kuvuka mto kwa kukanyaga mawe yaliyozama atajifunza upesi ni ipi inayomfaa.

5.3 Ukanushi na Yambwa

Kutoka LI-NA-ZA-MA kwenda HA-LI-ZA-MI kuna mabadiliko matatu: HA imeongezwa, NA imeondolewa, na MA imekuwa MI. Lakini katika HA-LI-KU-ZA-MA kiishio hakibadiliki. Ukanushi si kete moja. Ni mpangilio wa kete zilizo mbalimbali, na mpangilio huo hutegemea njeo. Yambwa nayo ina nafasi. Tungo HA-KI-TA-LI-SU-KU-MA, yenye kiima, njeo, yambwa na ukanushi, ina kete saba, na safu yetu ina miraba minane.

6.0 Utekelezaji na Mipaka Yake

Kazi hii inaweza kufanywa na wanafunzi wa uzamili wa mofolojia wakishirikiana na wenzao wa kompyuta. PuzzleScript, iliyobuniwa na Stephen Lavelle mwaka 2013, itawavutia wanaisimu kwa kuwa kanuni zake huandikwa kama kanuni geuzi: upande wa kushoto hali iliyopo, upande wa kulia hali mpya. Hata hivyo picha zake ni za nukta 5 kwa 5, na silabi ya herufi mbili haienei humo. PICO-8 ya Joseph White inafaa zaidi. Skrini yake ni ya nukta 128 kwa 128, ina namna ya kuipunguza hadi 64 kwa 64, na picha zake za msingi ni za nukta 8 kwa 8.

Kwa saa 48 hatupendekezi kuanza na programu. Saa za mwanzo zitumike kukata kete za karatasi na kuzisogeza mezani. Kitakachoshindikana mezani hakitafanikiwa katika skrini. Kisha zichaguliwe shina tatu au nne zenye silabi nyepesi, kama vile ruka, zama, pita na sukuma. Mashina yenye silabi kama “cha”, “nya”, “nda” na “mbwa” yaachwe, kwa kuwa hayaenei katika mraba mmoja. Kauli ya kutendwa nayo iachwe kwa sababu hiyo hiyo: “sukumwa” huishia na silabi ya herufi tatu. Huu ni upungufu wa kweli. Mchezo tunaoueleza hauwakilishi Kiswahili chote, bali kipande chake kilichochaguliwa kwa makusudi.

Huenda ikadaiwa kwamba matokeo yatakuwa somo la sarufi lililovishwa vazi la mchezo. Hofu hiyo ina msingi endapo mchezo utamuuliza mchezaji maswali ya sarufi na kumpa alama. Mchezo wetu hauulizi. Mchezaji anataka kuvuka mto. Sarufi ndiyo daraja, na likijengwa vibaya halipitiki.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba nafasi finyu haikidhulumu Kiswahili, ila kinadhulumiwa na kipimo kisicho chake. Kwa kipimo cha neno, Kiswahili hakienei katika mraba wa nukta nane. Kwa kipimo cha silabi, sehemu kubwa ya viambishi vyake inaenea kana kwamba mraba ulikatwa kwa ajili yake. Mtafiti anayejenga mchezo kama huu hulazimika kusema waziwazi mofimu inaanzia wapi na kuishia wapi, kwani mashine haikubali “takriban” wala “kwa kawaida”. Hilo pekee latosha kuipa kazi hii nafasi katika semina zetu. Swali linalobaki kwa watafiti ni la silabi nzito: je, zichorewe alama moja moja, au zipewe kete za miraba miwili? Jibu la kila upande lina nadharia yake ya silabi ndani yake, na ingefaa lijaribiwe uwanjani.