Somo la Akina Mama: Kufua Vitambaa vya Mtoto Mchanga

Mama, tangu siku unapomzaa mtoto, kazi ya kufua imeingia nyumbani mwako. Mtoto mchanga anayenyonya vizuri hukojoa mara sita au zaidi mchana na usiku, na wengine huenda choo kila wanaponyonya. Basi vitambaa kumi havitoshi, hasa hapa Bunia katika miezi ya mvua, wakati nguo zinapokaa mbichi juu ya kamba siku mbili. Ukiweza, tayarisha ishirini kabla hujazaa. Si lazima uvinunue. Kikwembe cha zamani kilichofuliwa mara nyingi kinafaa sana, kwa maana ni laini, kinanyonya maji, na rangi yake imekwisha kutoka. Kikwembe kipya bado ni kigumu, na rangi yake yaweza kutoka juu ya ngozi ya mtoto.

Mavi ya mtoto ni mavi

Watu wengi husema ya kwamba mavi ya mtoto mchanga si uchafu, kwa sababu hajala ila maziwa. Kwa hiyo huwaona wakisuuza kitambaa mtoni, au wakimwaga maji yake nyuma ya nyumba karibu na migomba, na kuku wanakuja kuchokora mahali pale. Mama, usiamini maneno hayo. Watoto wadogo hushikwa na kuhara mara nyingi kuliko watu wazima, na mtoto anayehara hutoa vijidudu vya ugonjwa kwa wingi sana. Vijidudu hivyo havionekani kwa macho. Vinapanda mikononi mwako, kisha vinaingia katika ugali unaoufinyanga kwa mkono ule ule. Nzi anatua juu ya kitambaa, kisha anatua juu ya kikombe cha mtoto mkubwa. Mvua inanyesha, nayo inachukua yote mpaka kisimani, au mpaka mto Nyamukau, na huko chini kuna mama mwingine anayeteka maji.

Wenzetu wa pwani ya Ziwa Albert, huko Kasenyi na Tchomia, wamekwisha kuona kipindupindu, yaani kolera, zaidi ya mara moja. Wanajua namna ugonjwa huo unavyopita katika maji.

Basi fanya hivi. Kabla ya kulowesha kitambaa, peleka mavi chooni. Yakung'ute, au yakwangue kwa kijiti au kwa kipande cha jani la mgomba, na kijiti chenyewe kikitupe humo humo. Suuza kitambaa mara ya kwanza katika ndoo yenye maji kidogo, na maji hayo pia uyamwage chooni. Ndoo hiyo iwe na kazi hiyo tu. Usioshee vyombo ndani yake, wala usitekee maji ya kunywa, hata kama umeisugua mpaka imeng'aa. Mkiwa wengi katika uwanja mmoja, au mkikaa kambini ambako choo ni cha watu wote, ni kazi ngumu kutembea mbali na ndoo mara nyingi kwa siku. Mwaweza kukusanya vitambaa katika ndoo yenye kifuniko na kwenda mara moja asubuhi na mara moja jioni. Kifuniko ndicho chenye maana, kwa sababu ya nzi.

Kisha nawa mikono kwa sabuni. Kama sabuni imekwisha, jivu la jikoni na maji vitasaidia.

Zile kushi za kutupa ziitwazo Pampers zina shida yake. Ukizitupa katika shimo la choo haziozi, nazo hujaza shimo upesi. Ukizitupa mferejini, mavi yamerudi barabarani. Kung'uta kwanza mavi chooni, halafu uzifukie katika shimo la takataka lenye kina, mahali ambapo mbwa hawafukui.

Maji baridi kwanza

Wengine hufikiri kwamba doa gumu lataka maji ya moto mara moja. Sivyo. Mavi, damu na maziwa yana kitu ndani yake kama ute wa yai. Wajua namna ute wa yai unavyogeuka mgumu katika maji ya moto. Ndivyo doa linavyogandia katika nyuzi za kitambaa. Anza na maji baridi. Paka sabuni ya kipande juu ya doa, acha nusu saa, kisha sugua nguo kwa nguo. Ndipo uje na maji ya moto, au uchemshe vitambaa katika sufuria ya kufulia dakika kumi. Suuza mara mbili au tatu, mpaka maji yawe bila povu. Sabuni inayobaki katika kitambaa huichoma ngozi ya mtoto, na mama humlaumu mtoto kwamba analia bure.

Choo cha kwanza cha mtoto, kile cheusi kinachonata kama lami, ni kigumu kutoa kikikauka. Loweka kitambaa palepale. Na mtoto mwenyewe, mpake vazelini kidogo matakoni mara anapozaliwa na kukaushwa, nawe utamfuta bila kumsugua.

Baada ya siku chache choo kinageuka manjano. Hapo sabuni huacha alama ya manjano ambayo mama huihangaikia bure. Dawa yake ni jua. Anika kitambaa kikiwa bado kimelowa, upande wa doa ukielekea juu, nawe utaona alama inafifia kabla ya jioni. Rangi ile ya manjano ni ile ile inayotoka katika damu na nyongo, na ile inayoonekana machoni mwa mtoto mchanga mwenye ugonjwa wa manjano. Mwanga huivunja. Katika miaka ya 1950, katika hospitali ya Rochford huko Uingereza, muuguzi mmojawapo, Sister Ward, alizoea kuwatoa watoto nje juani. Akawaonyesha madaktari mtoto ambaye ngozi yake ilikuwa imepoteza manjano, isipokuwa sehemu iliyokuwa imefunikwa na shuka. Tena chupa ya damu iliyosahauliwa dirishani ilipungua manjano yake. Mwaka 1958 madaktari wa pale waliandika habari hiyo, na kutoka hapo zikaja taa za buluu zinazotumika hospitalini leo. Lakini angalia: jua la uwanjani ni dawa ya kitambaa. Mtoto mwenye macho ya manjano mlete hospitali, maana jua la nyumbani halitoshi, tena laweza kumchoma.

Mtoto akianza kula, utapata madoa ya mawese na ya sombe. Mafuta yanataka sabuni na maji ya uvuguvugu tangu mwanzo, kisha jua, kwa maana rangi nyekundu ya mawese nayo hufifia juani. Utomvu wa mgomba ni neno jingine. Ukikauka hautoki, hata ukisugua mpaka kitambaa kikatoboka. Uache. Doa si uchafu. Kitambaa chenye alama kilichofuliwa kwa sabuni na kukauka juani ni safi kuliko kitambaa cheupe kilichosuuzwa katika maji machafu, na mwanamke atakayekucheka kanisani kwa ajili ya alama hiyo hajui hesabu ya kazi yako.

Javeli huondoa madoa na kuua vijidudu, lakini ni dawa kali. Fuata kipimo kilichoandikwa juu ya chupa, na baadaye suuza sana. Usiichanganye na ndimu wala siki, wala usiimwage juu ya vitambaa vilivyolowa mkojo. Hewa inayotoka hapo huchoma macho na kifua. Suuza mkojo kwanza. Tena usiiweke katika chupa ya soda, mahali watoto watakapoiona.

Nzi wa nguo

Kuna nzi mmoja wa manjano kidogo anayependa nguo mbichi, hasa zenye harufu ya mkojo, zilizoanikwa kivulini au kutandazwa chini. Hutaga mayai katika mikunjo ya nguo. Baada ya siku moja mpaka tatu funza wadogo hutoka, nao waweza kungoja katika nguo karibu majuma mawili. Wakisikia joto la mwili, hupenya ngozi. Mama huona jipu, kisha jingine, juu ya mgongo au matako ya mtoto, na katikati kuna tundu dogo ambamo kitu kinatikisika.

Kwa hiyo usitandaze nguo za mtoto juu ya majani au udongo, na usiziache nje usiku. Zianike juu ya kamba, juani kabisa. Halafu piga pasi ya makaa yenye moto pande zote mbili, na kaza juu ya mishono na mikunjo, kwa kuwa ndipo mayai yanapojificha. Usiache hata kitambaa kimoja. Asiye na pasi aazime kwa jirani mara moja kwa juma, afanye yote kwa pamoja, na kabla ya hapo avitumie vile vilivyokauka juani tu. Funza akiwa amekwisha kuingia, ziba tundu kwa vazelini nyingi, ili akose hewa na kutoka nje. Usimkamue kwa nguvu, asije akapasuka ndani ya ngozi. Ikishindikana, njoo hospitali.

Vidonge vyeupe vya sandukuni

Hapa nataka usome polepole. Vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali, viitwavyo naftalini, ambavyo watu huviweka sandukuni kwa ajili ya mende na nondo, usiviweke kamwe pamoja na nguo za mtoto. Katika nchi zenye malaria watu wengi huzaliwa na upungufu fulani katika damu, nao hawajui, kwa maana wanaonekana wazima. Mtoto mchanga mwenye upungufu huo akivikwa nguo zenye harufu ya naftalini, hewa yake huingia mwilini na kuvunja damu. Manjano hupanda upesi, hata kufika akilini na kumharibu au kumwua. Mama huwa amempenda mtoto kwa kumtunzia nguo tangu mimba, na nguo hizo hizo ndizo zilizomdhuru.

Ukipewa zawadi ya nguo zenye harufu hiyo, zishukuru, zifue, zianike juani siku nyingi, na usimvike mtoto mpaka harufu imekwisha kabisa. Mafuta juu ya ngozi huifanya sumu hiyo ipite upesi zaidi. Ili kuwazuia mende, nguo zilizokauka vizuri na kupigwa pasi zitoshe, katika sanduku la bati linalofungika.

Kitambaa kinasema

Kabla ya kufua, tazama. Choo cheupe kama udongo wa mfinyanzi kwa mtoto mwenye macho ya manjano ni ugonjwa wa ini; usingoje juma lipite. Choo chenye damu, mlete siku ile ile. Choo cha maji maji mara nyingi, endelea kunyonyesha, mara nyingi kuliko zamani, na umlete. Kama dawa ya pakiti haipo na mtoto amepita miezi sita, changanya lita 1 ya maji safi na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vikiwa vimesawazishwa, umnyweshe kidogo kidogo njiani. Na kukiwa na ugonjwa kama Ebola, uliokuwa Kivu ya Kaskazini na Ituri tangu Agosti 2018 mpaka Juni 2020, usifue kwa mikono nguo za mgonjwa. Mwulize muuguzi kwanza.

Unapomleta mtoto anayehara, leta na kitambaa cha mwisho, bila kukifua, ndani ya chombo chenye kifuniko. Akina mama wengi huona haya. Huja na mtoto aliyeogeshwa, amevikwa nguo nyeupe zilizopigwa pasi, na munganga hana kitu cha kutazama.