Kuchagua Kiowevu cha Kuskani Negativu za Zamani

Vikundi vingi vya Kitui na Makueni vina negativu za zamani kabatini: akina mama wa mwethya wakichimba matuta, au mto ulivyokuwa kabla ya bwawa la mchanga. Tusizidharau. Mwaka 1937 R. O. Barnes alipiga picha za mmomonyoko wa udongo katika wilaya ya Machakos, ambayo wakati ule ilikuwa pamoja na Makueni. Watafiti walipopiga picha tena mahali pale pale mwanzoni mwa miaka ya 1990, palikuwa na matuta na miti. Bila zile za kwanza, nani angeamini?

Taabu ni kwamba negativu zetu zimekwaruzwa, na skana huona kila mkwaruzo. Njia moja ya kusaidia ni kuilaza filamu ndani ya kiowevu wakati wa kuskani.

Kinavyofanya kazi

Okota jiwe la mtoni. Likiwa kavu ni la kijivu tu. Ulimwagie maji, rangi zote hutokea. Mkwaruzo nao ni hivyo. Hewa iliyomo ndani yake hutawanya mwanga. Kiowevu kikiujaza, mwanga hupita karibu moja kwa moja. Wataalamu hupima jinsi kitu kinavyopinda mwanga: hewa ni 1.0, maji 1.33, spiriti ya isopropili 1.38, mafuta meupe ya watoto karibu 1.47, na plastiki ya filamu ya asetati karibu 1.48. Kadiri kiowevu kinavyokaribia plastiki, ndivyo mkwaruzo unavyopotea. Lakini palipong'oka utando wenyewe wa picha, hakuna kiowevu kitakachoirudisha.

Tuchague kipi?

*Maji:* hapana. Utando wa picha hunywa maji, huvimba na kunata.

*Dawa ya kuondoa rangi ya kucha:* hapana kabisa. Mara nyingi ina asetoni, nayo huyeyusha filamu ya asetati.

*Petroli na mafuta ya taa:* hapana. Petroli hulipuka kwa urahisi, mafuta ya taa huacha uchafu.

*Sanitaiza:* hapa tulikosea sisi wenyewe. Baada ya korona chupa zilibaki ofisini, tukasema spiriti ni spiriti. Kumbe ndani mna maji na gliserini. Negativu ilinata, na tulipoivuta, uso wa mama mmoja ukabaki kwenye kioo. Alikuwa ameshafariki, na familia yake haikuwa na picha nyingine.

*Spiriti ya isopropili ya asilimia 99:* yafaa kwa kazi ya haraka, kwani hukauka upesi. Ile ya asilimia 70 iache, ina maji.

*Mafuta meupe ya watoto:* hujaza mikwaruzo vizuri na hayakauki katikati ya kazi. Ubaya wake ni kusafisha baadaye. Yakibaki, hushika vumbi.

*Kiowevu maalumu, kama Kami:* ndicho bora. Hukauka bila kuacha alama, ila ni ghali na hushika moto.

Hatua za kufuata

1. Jaribu kwanza kipande kisicho na picha, mwisho wa filamu. Ngoja dakika kumi. Kikijikunja, kikinata au kikibadilika rangi, acha.
2. Tumia kioo cha pembeni, si kile cha skana, kiowevu kisije kikapenya ndani ya mashine.
3. Weka matone machache, laza filamu polepole, funika kwa plastiki safi na utoe mapovu.
4. Fungua madirisha. Pasiwe na jiko, mshumaa wala sigara.
5. Negativu za kabla ya 1951 huenda ni za naitreti, ambayo huwaka vikali. Usiziloweshe, tafuta ushauri wa wataalamu wa nyaraka.

Ya kujadili kikundini

Ni picha gani kati ya zetu haina nyingine? Hiyo iwe ya mwisho kuloweshwa, mkono ukishazoea. Kama mkwaruzo ni mdogo, iskaniwe kavu tu. Kiowevu kinanunulika tena. Negativu ni moja.